Fomu Zote Zinasema Tulikimbia Pamoja

Leo ni Jumapili, baridi ya Julai haijaachilia, na nimehesabu: ni miaka kumi na saba na miezi saba tangu nitoke shambani kwangu Bonde la Ufa. Nina umri wa miaka sabini na mmoja, mwalimu mstaafu. Mimi na mke wangu tunapanga nyumba Ruring'u, hapa Nyeri. Naomba ukurasa huu ufiche jina langu, maana watu wa kanisani kwetu wanausoma; la binti yangu nimelibadilisha.

Majuzi vijana walichoma matairi mjini. Nilikuwa Majengo na mke wangu kwenye kibanda cha mboga. Watu walianza kukimbia, vibanda vikafungwa. Nilipojitambua nilikuwa karibu na uwanja wa Ruring'u, peke yangu, nikitetemeka. Sikumbuki nilivyomwacha. Alifika nyumbani baada ya saa nzima, amebeba mifuko yote miwili.

"Umefika mapema, Baba Muthoni," akasema, akaenda kuwasha jiko.

Binti yetu Muthoni aliposikia natetemeka, alinitafutia mshauri wa afya ya akili. "Baba, si ati umerukwa na akili. Ni kuongea tu."

Nilivaa koti, nikabeba faili yangu. Sisi tuliofurushwa katika ghasia za baada ya uchaguzi tuna faili hizo: kopi ya kitambulisho, barua ya chifu, kadi ya usajili. Tumehojiwa na maafisa wengi mpaka tukaijua habari yetu kwa moyo, kama sala. Nilifikiri huyu naye ni afisa.

Nilimkuta mwanamke wa rika la Muthoni. Alinieleza kwamba tutakaa karibu saa moja, kwamba nitakayosema hayatatoka mle chumbani ila maisha ya mtu yakiwa hatarini, na kwamba naweza kukataa swali lolote. Mimi nikafungua faili, nikaanza kusoma: tulivamiwa jioni, mimi na mke wangu tukakimbia pamoja hadi kanisani.

"Guka, weka hiyo faili chini kidogo," akasema, akiniita babu kwa lugha yetu. "Mimi sina fomu."

"Sasa utajaza wapi?"

"Leo nasikiza tu. Hebu nieleze hiyo njia. Nani alikuwa mbele, nani alikuwa nyuma?"

Hakuna afisa aliyewahi kuniuliza hilo. Nilingoja aniokoe kwa swali jingine. Hakuniokoa. Basi nikasema.

Muthoni alikuwa kwa shangazi yake, kijijini Gakindu. Mke wangu alikuwa zizini akikamua. Nilisikia kelele langoni, nikatokea mlango wa nyuma, nikaruka ua. Sikumwita hata kwa jina. Alifika kanisani siku ya pili, nyayo zimechanika, akanikuta kwenye foleni ya chai. Karani aliyekuwa akiandikisha watu akauliza tulikuja vipi. Nikajibu, "Pamoja." Mke wangu akanitazama, kisha akatia kidole gumba kwenye wino, akabonyeza chini ya sahihi yangu. Tangu siku hiyo ameketi kando yangu katika kila ofisi, akiitikia kwa kichwa. Hatujawahi kulizungumza. Muthoni huwasimulia watoto wake jinsi guka yao alivyomshika nyanya yao mkono gizani.

Nilitaka mshauri anihukumu, ama aniambie la kufanya. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisema tutakwenda polepole, na kwamba mke wangu anaweza kuja siku moja, iwapo sote wawili tutataka. Nilinawa uso kwenye mfereji wa bomba nje kabla ya kwenda nyumbani.

Mke wangu alikuwa akimenya viazi. "Walikudunga sindano?"

"Hapana. Ni kuongea."

"Saa nzima? Uliongea nini?"

"Mambo ya kule."

Kisu kikasimama kidogo. "Yale ya kwa fomu?"

Nikasema ndiyo.

Nimesoma vitabu vingi maishani na nimefundisha watoto wa watu kusema kweli. Hilo "ndiyo" linaniaibisha kuliko ule ua niliouruka, kwa sababu safari hii hakuna aliyekuwa langoni. Alhamisi nitaenda tena kwa mshauri, hilo nimeamua. Lakini nikimwomba mke wangu msamaha kwa jambo alilolibeba kimya miaka yote hii, nitakuwa namtua mzigo, ama namtonesha kidonda ili mimi nipumue? Na Muthoni je, ana haki ya kujua? Ninyi mliowahi kukaa kwenye kiti kile mbele ya mshauri, nawaomba mniambie nianzie wapi.

Muthoni anataka kutupeleka Desemba tukaone shamba, kwa kuwa hati bado ina jina langu. Anadhani nawaogopa majirani. Kutoka mlango wa nyuma hadi zizini ni hatua ishirini tu. Kule sitarudi.