Leso Nyekundu Gatini

Mtanicheka, lakini ngojeni nimalize.

Sisi watu wa kujitolea hapa Kilifi tulikuwa tumelikwangua na kulipaka rangi gati kuukuu la ndege zinazotua majini, lililoachwa tangu enzi za wakoloni. Siku hiyo ndege ingetua tena, na mimi sikukalika wala sikusimamika.

Ilipotokea, nilivua leso yangu nyekundu nikaipunga, kama tunavyompokea bibi harusi. Ndege ikashuka, ikapaa bila kutua. Nikadhani haijaniona! Nikapanda juu ya pipa, nikapunga kwa mikono miwili huku nikipiga vigelegele. Ikapaa tena. Wageni waliokuja kuipokea wakaanza kunung'unika.

Mwenyekiti wetu, Mzee Athmani, akaiondoa redio sikioni.

"Bi Mwanaisha, shuka. Rubani anauliza umeona hatari gani majini."