Mama Kamchagua Wifi Amsaidie Kupiga Kura

Jamani, leo mama yangu mzazi kanikataa mbele ya foleni nzima ya kura hapa Lizaboni.

Mama haoni. Mimi ndiye niliyemwogesha, nikamvalisha, nikamkodia bajaji. Wazee wanapitishwa mbele, kwa hiyo hatukukaa.

Msimamizi akasema, "Shikamoo mama. Unaruhusiwa kuingia na mtu unayemwamini akuwekee alama. Umemchagua nani?"

Mimi huyo, nikaanza kusogea.

Mama akajibu, "Niitieni mke wa mwanangu, yuko kwenye foleni."

Wifi. Kaolewa juzi tu, hata ugali bado unamshinda.

"Mama, mimi si nipo hapa?"

"Najua upo. Wewe hata kitenge unaninunulia unachokitaka wewe. Huyu bado ananiogopa, ataweka alama pale nitakaposema."

Foleni ikacheka. Msimamizi naye, nimemwona.

Wametoka wameshikana mikono. Nimembana wifi njia nzima aniambie mama kampigia nani. Eti, "Hiyo ni siri ya mama, wifi."

Sasa hivi wako jikoni wananong'ona. Nikiingia, kimya.

Ingekuwa nyie mngefanyaje?

Na kile kitenge nilichomnunulia mama kinampendeza.