Mbwa Wangu na Udongo wa Mama Mwenye Nyumba

Nilipohamishiwa Tabora kufundisha, miaka ile ya mwanzo ya Ujamaa, nilishuka kwenye lori la kutoka Igunga na godoro, sufuria mbili na mbwa. Kwetu wafugaji mtu hahami akamwacha mbwa wake. Mjini kila mwenye nyumba alinikaribisha vizuri mpaka amwone mbwa, hapo chumba kikawa tayari kina mtu. Wa nne ndiye aliyenipokea: mama mmoja, mjane wa fundi cherehani, Mwislamu asiyekosa swala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe karibu ndani. Huyo alale uani, na akigusa chombo changu, mnahama wote wawili."

Hazikupita siku tatu, mbwa akalamba bakuli la uji la mama huyo. Nilikuwa nimesikia kwamba kwa Waislamu chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, basi nikalisugua kwa sabuni mara saba, nikampelekea huku najisifu moyoni. Akaligeuzageuza.

"Na udongo je?"

Sikujua kwamba mara moja kati ya hizo saba lazima iwe kwa udongo. Alicheka mpaka akajishika mbavu, akaniamuru nianze upya. Kicheko hicho ndicho kilichotuokoa, ila yeye mwenyewe hakumgusa mbwa yule hata kwa ncha ya kidole.

Mwaka uliofuata kichaa cha mbwa kikaingia mitaani. Balozi wa nyumba kumi akatangaza kwamba mbwa asiye na mkanda shingoni atapigwa risasi. Nikaagiza mkanda kwa fundi viatu, akaniambia niufuate Ijumaa. Watu wa bwana afya wakaja Alhamisi, mimi niko darasani. Niliposikia mlio wa bunduki upande wa kwetu niliacha chaki, nikakimbia kwenye mvua nikilia njia nzima, mwalimu mzima, na sikuona haya.

Mbwa alinipokea uani, ameloa chapachapa, mkia hautulii. Shingoni alikuwa amefungwa kipande cha kanga kilichochanwa kwa haraka. Nilimjua mwenye kanga hiyo. Alikuwa amechutama barazani kando ya ndoo, mikono imelowa mpaka viwikoni.

"Wamefika hapa mlangoni," alisema bila kuinua kichwa. "Nimewaambia huyu ni wangu."

Nikaanza kumshukuru.

"Usinisemeshe, utanipotezea hesabu. Hii ni ya sita. Kaniletee udongo."