Mtu Aliyeingia Mtumbwini

Mimi si mtu wa safari. Nilizaliwa Mirongo, nikasoma katika shule ambayo paa lake ungeliona ukiwa umesimama uani kwetu. Hata nilipolazimishwa kulala bweni kama wenzangu, mawazo yangu yote yalikuwa Jumamosi, nishuke nyumbani nile ugali wa mama na kulala kwenye kitanda kinachonijua. Bwenini waliniita Mwali, kwa kuwa sitoki ndani. Mke wangu naye, bila kuambiwa na mtu, alikuja kulivumbua jina hilo upya miaka mingi baadaye.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa kazi ya kumchora mwanamume anayevuka ziwa.

Vita vilikuwa vimekwisha, na lori la sinema la serikali lilikuwa limepita Mwanza likatuonyesha jinsi ya kuchimba choo. Tulichojifunza ni kwamba mtu akichimba choo ndani ya sinema hatoki jasho. Baada ya hapo mwalimu wetu wa kuchora, kijana aliyerudi kutoka masomoni Kampala na tai mbili anazozivaa kwa zamu, alisema nasi tungeweza kutengeneza sinema yetu, tena bila kuigiza, kwa penseli tu. Hatukumwamini. Akachukua daftari, akachora kifaranga kwenye pembe ya kila ukurasa, kisha akaziachia kurasa kwa kidole gumba. Kifaranga akatoka ndani ya yai, akajikung'uta. Tulimwomba arudie mpaka pembe za daftari zikalegea.

Mashine ilikuwa ya Mhindi mmoja mwenye duka la picha pale Nyamagana. Kazi yake kubwa ilikuwa harusi za watu wake, na alikuwa na kamera ya sinema inayoweza kupiga picha moja, ikangoja, ikapiga nyingine. Alikubali kutusaidia kwa sababu, alisema, amechoka na maharusi.

Tuligawanywa watatu watatu. Mwalimu alitoa masharti mawili. Sinema lazima ifundishe watu kuchemsha maji ya kunywa, na kazi iwe ya ushirika. Neno ushirika lilikuwa jipya siku zile, na mwalimu alilitamka kama mtu aliyeonja asali. Hakuna cha mimi nimechora hiki, alisema. Kila mchoro ni wa wote watatu.

Mwenzetu wa kwanza alikuwa Mhaya wa Bukoba, kijana nadhifu aliyezitandaza kaptula zake chini ya godoro ili zinyooke. Alikuwa na mkono mzuri wa kuchora kuliko shule nzima, na alijua. Tulimtania kwamba hata akichora mtu wa Usukuma, mtu huyo hunuka ndizi. Mwenzetu wa pili alikuwa mtoto wa Kigongo, rafiki yangu, na sinema hii ilikuwa yake hata kama mwalimu alisema ni ya wote.

Baba yake alikuwa mpiga kafi, akiwavusha watu kutoka Kigongo kwenda Busisi. Mwaka uliotangulia upepo ulipindua mtumbwi wake katikati ya maji. Abiria waliokotwa wameng'ang'ania ubavu wa mtumbwi. Yeye hakuonekana, siku ile wala baadaye. Matanga yalikaliwa bila kaburi. Na kwa kuwa hakuwahi kukaa mbele ya kamera, hakukuwa na picha yake hata moja.

Rafiki yangu ndiye aliyependekeza kwamba sinema yetu iwe juu ya mvushaji. Anatoka kwake, anashuka ziwani, anavusha watu, anarudi nyumbani na kupokewa na mkewe kwa kikombe cha maji yaliyochemshwa. Mwalimu alifurahi sana kwa hicho kikombe. Mimi niliambiwa sababu ya kweli siku hiyohiyo, tukiwa dirishani.

"Nataka nimwone anatembea," alisema. "Basi."

Lakini kulikuwa na jambo lingine, na Mhaya na mimi tulilijua kwa sababu lililetwa shuleni kila baada ya majuma machache, likiwa limebeba samaki wa kukaushwa. Baba mdogo wake, mdogo wa marehemu, alikuwa anangojea kumrithi mjane, kama ilivyokuwa desturi ya ukoo wao. Mama hakutaka. Hakukataa mbele ya wazee, maana hilo lingekuwa vita. Alisema tu kwamba mwanawe mkubwa ndiye mwenye akili za shule, na atakachosema mwanawe, yeye atakifuata. Kwa hiyo ukoo mzima ulikuwa unangoja kauli ya kijana wa darasa la tisa. Kijana naye alikuwa anawaambia wangoje mitihani ipite.

Ubaya wa jambo lenyewe ni kwamba baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kitambi, masharubu yaliyopindwa juu, na hatua za mtu anayepita kwenye gwaride. Aliwatania waangalizi wa bweni wakacheka. Samaki wake tuliwala sote, mimi kuliko wote. Rafiki yangu alikula pia, halafu usingizi ukamtoroka.

Sasa nieleze tulivyofanya kazi, maana hapo ndipo mambo yalipopindia. Michoro ya namna hiyo hutaka mamia ya karatasi. Unaweka karatasi nyembamba juu ya mchoro uliotangulia, unabandika zote mbili kwenye kioo cha dirisha ili mwanga upenye, unanakili kila kitu, ila mguu unauinua kidogo. Kisha nyingine. Ni kazi ya kumfuata mwenzako nyuma kwa nyuma, na madirisha yenye kioo pale shuleni yalikuwa machache. Tulijaribu siku mbili, tukaona tutazeeka.

Ndipo tukafanya kama tulivyozoea kwenye shamba la shule. Pale kila mtu hupimiwa ngwe yake, yaani ukanda wake wa kulima, wote mnaanza kwa pamoja, na jua likipanda shamba limekwisha. Mahindi hayaulizi nani alilima wapi. Tukaigawa sinema ngwe tatu. Rafiki yangu akachukua mwanzo, baba yake anaposhuka ziwani na kuingia mtumbwini. Mimi nikachagua katikati, kwa sababu mtu aliyekaa mtumbwini hana miguu ya kuchora. Mhaya akapewa mwisho, kurudi nyumbani na kikombe. Tulikubaliana juu ya shati la mistari, kofia ya ukindu, na kafi begani. Tuliona imetosha.

Kila mmoja alijifungia na ngwe yake. Mhaya aliniuliza mara moja mvushaji alikuwa mtu wa umbo gani. Nikamwambia sijui, mimi nilifika Kigongo lini? Akaona haya kumuuliza mwenye msiba. Akafanya alichoona ni cha heshima na cha akili. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hufanana, na mmoja wao yuko hapa kila mwezi. Jumapili moja nilimwona amekaa kwenye ngazi za jikoni akimchungulia baba mdogo na kuchora haraka haraka. Nilidhani anamchora kwa shukrani ya samaki.

Mhindi alipiga picha za karatasi zetu mchana kutwa, moja baada ya nyingine, akitukalisha nje ya mlango ili tusiipumulie meza. Ukanda wa sinema ukapelekwa Nairobi kusafishwa. Uliporudi, mwalimu hakutaka tuuone kwanza. Alitaka tuuone pamoja na wazazi, siku yao ya kutembelea shule.

Siku hiyo shuka nyeupe ilitundikwa juu ya ubao, madirisha ya darasa yakazibwa kwa blanketi za bweni, na joto likawa la kuchemsha maji bila moto. Mama yake rafiki yangu alikuja akiwa amejitanda kanga mpya. Aliketi mbele na mwanawe. Nyuma yao aliketi baba mdogo na mzee mmoja wa ukoo, mwenye fimbo nyeusi, ambaye niliambiwa ndiye mkubwa wao. Tuliwaamkia shikamoo wakaitikia. Mwalimu, akiwa na tai yake ya bluu, alieleza kwa kirefu kwamba hii ni kazi ya ushirika, kwamba vijana hawa watatu wamesema kitu kimoja kwa mkono mmoja. Alilirudia hilo. Nilimwona mzee akitikisa kichwa kukubali.

Mhindi akawasha taa ya mashine yake, na mtu akatembea kwenye shuka.

Alikuwa mwembamba. Bega lake la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia, kama la mtu aliyevuta maji kwa upande mmoja maisha yake yote. Alishuka mpaka ukingoni, akasimama, akainama, akachovya mkono ziwani na kujipaka kwenye paji la uso, kisha akaingia. Mama aliiweka kanga mdomoni. Sikumsikia akilia. Alisema neno moja kwa Kisukuma, nami nilikuwa karibu vya kutosha kulisikia.

"Ndiye."

Rafiki yangu hakumtazama mama yake wala mimi. Alikuwa ameegemea mbele kama mtu anayetaka kuingia ndani ya shuka.

Kisha ngwe yangu ikaanza. Naomba radhi kwa marehemu. Mvushaji wangu alinenepa kwa kila pigo la kafi, kofia ikamzama mpaka masikioni, na katikati ya ziwa kafi likahama mkono bila sababu. Darasa zima lilicheka. Mama pia alicheka kidogo, na kwa hilo nilijisamehe.

Mtumbwi ukafika. Aliyeshuka alikuwa na kitambi, na masharubu yamepindwa juu, na hatua za gwaride. Mhaya alikuwa amechora vizuri kuliko sisi sote, kila kifungo mahali pake, hata namna baba mdogo anavyokohoa kabla ya kupiga hodi. Mtu huyo akapanda njia, akainama kuingia kwenye nyumba ya rafiki yangu, na mwanamke aliyejitanda kanga akampa kikombe kwa mikono miwili. Akanywa. Mwisho.

Watu walipiga makofi. Blanketi moja likavutwa, mwanga ukaingia. Baba mdogo alikuwa anacheka kwa furaha ya kweli.

"Lakini huyo si mimi huyo?" alisema. "Kijana, umenitoa vizuri."

Mzee aligonga fimbo sakafuni, si kwa hasira. "Tuliambiwa tungoje mitihani," alisema. "Kumbe alikuwa anatafuta namna ya kusema kwa adabu. Kijana amesema."

Rafiki yangu alisimama. Alisema yeye hakuchora hapo, kwamba hapo alichora mwenzake. Mzee akamgeukia mwalimu, akauliza kwa upole kama ile si kazi ya mkono mmoja, kama alivyosema mwenyewe. Mwalimu, maskini, alishika tai yake akasema ndiyo, ni ya wote. Alidhani anatutetea. Mhaya alikuwa amejikunja kwenye dawati lake kama shati lisilopigwa pasi, akiniangalia mimi, na mimi nikiangalia miguu yangu.

Mama ndiye aliyezungumza. Alimwomba Mhindi airudie tangu mwanzo, na yule mtu akiingia mtumbwini, azime. Mhindi alisema mashine ikisimama ukanda utaungua. Mama akasema hakumwomba aisimamishe, amemwomba azime taa.

Blanketi likarudishwa. Mtu mwembamba akashuka tena ziwani, akachovya mkono, akaingia. Taa ikazimika, tukabaki gizani wote na joto letu.

"Mume wangu ni huyo," alisema mama. Hakuinua sauti. "Ameingia mtumbwini. Mimi sijamwona akishuka. Huyo mwingine aliyeshuka, mimi sikumpa maji."

Blanketi likaondolewa. Baba mdogo alikuwa ameacha kucheka, na nilimhurumia, kwa sababu ni vigumu kukataliwa mbele ya watoto uliowalisha samaki. Mzee aliitengeneza fimbo yake kati ya magoti. Alisema sawa. Mjane hatashikwa mkono kwa nguvu. Lakini nyumba haiwezi kukaa bila mwanamume, na kama huyu hatakiwi, basi mwenye nyumba ni kijana, na mwenye nyumba halali bweni.

 Rafiki yangu akasema ndiyo, babu.

Aliondoka juma lile. Mhaya alimpa kaptula yake iliyonyooka kuliko zote, wala hakusema kwa nini, wala hakuulizwa. Mhindi alikata kipande cha mwanzo cha ukanda, akamfungia ndani ya kopo la majani ya chai. Mwalimu alitupa alama nzuri za ushirika.

Mimi nilikwenda Kigongo mara moja tu maishani, likizo iliyofuata, nikilalamika njia nzima. Nilimkuta rafiki yangu amekuwa mpana wa mabega na mkavu wa maneno, ila utani haukumwisha. Mama alinipa viazi, akanionyesha kopo. Alikuwa akiuvuta ukanda na kuunyoosha kwenye jua la mlangoni, akifunga jicho moja.

"Wako wengi humu," aliniambia, "lakini wote wamesimama."

Abiria waliita kutoka ukingoni. Rafiki yangu akatwaa kafi, akaniambia, "Mwali, njoo nikuvushe, uone na wewe mtu akikaa mtumbwini anakuwaje." Nikasema nitavuka kesho. Akacheka, akashuka.

Mama aliurudisha ukanda koponi bila kuuangalia tena. Kule chini mwanawe alisimama ukingoni, akainama, akachovya mkono ziwani na kujipaka usoni, akaingia. Nilimsogezea mama kigoda. Hakukikalia. Alisimama mlangoni, mkono juu ya macho, wakati viazi vikipoa, mpaka mtumbwi ulipokwenda na kurudi, na mwanawe akashuka.