Tundu la Katikati ya Ungo

Usiku ule nililala na kicheko tumboni, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichomwita babu.

Niseme kwanza nilikuwa nacheka nini. Babu yangu mzaa baba alikuwa mwindaji, na alipofariki, msimu wa kupanda, gobore lake lilibaki kwa baba mdogo Masele. Ni bunduki ya kulishwa kwa mdomo: unamimina baruti, unatia kitambaa, unatia risasi, unashindilia kwa mdeki, ile fimbo yake ndefu ya chuma, kisha nyuma unaweka fataki na kumwomba Mungu. Babu alilijua gobore lile kama mama anavyojua mwanawe anashiba nini. Baba mdogo aliachiwa gobore bila kipimo.

Na nguruwe pori walikuwa wameingia shambani. Kila tukiamka tunakuta mistari ya mahindi imelala chini, na chakula chetu cha mwaka mzima kilikuwa kwenye mistari hiyo. Basi baba mdogo akaanza kutafuta kipimo. Alitundika ungo mkuukuu wa bibi kwenye kichuguu, akahesabu hatua hamsini, akawa anapima baruti kwa kifuniko cha dawa ya kikohozi. Mimi, Nyamizi, kidato cha pili, niliyekuwa nyumbani kwa likizo, nilipewa kazi ya kukimbia hadi kwenye ungo na kutangaza matokeo. Kumpa mtu kama mimi kazi ya kutangaza matokeo ni kosa, lakini hakuna aliyeniuliza.

Siku ya kwanza alitia baruti kidogo. Risasi ikachoka njiani. Siku ya pili akajaza kifuniko mpaka juu. Gobore likampiga teke akakaa chini, miguu mbele, kama anayesubiri kuwekewa ugali, na risasi mpaka leo haijulikani ilikwenda wilaya gani.

Siku ya tatu ilikuwa imenyesha. Alitia kiasi cha katikati, akalenga, akavuta. Gobore likatoa "ptii", kama mwalimu mkuu aliyejizuia paredi nzima. Kamoshi kadogo, basi. Nikakimbia hadi kwenye kichuguu. Ungo haukuguswa hata na upepo. Nikatoa kalamu yangu ya wino, nikaichomeka katikati ya ungo, nikaizungusha.

"Katikati, baba mdogo! Umemtoboa kitovu!"

Alicheza. Mtu mzima, ana watoto wawili, akacheza peke yake kwenye majani. "Na halijanipiga teke!" akamwambia mama mdogo. "Unaona? Kipimo kikikaa sawa, bunduki inatulia. Kesho alfajiri namfuata lile dume la nguruwe." Mimi nikajiziba mdomo kwa khanga. Nilipanga kumwambia siku inayofuata, akishakosa, mbele ya majirani, utani uwe mtamu zaidi.

Nikalala.

Usingizi ulipokolea, kulikuwa mchana. Jua la utosini, kweupe, lakini hakuna kivuli cha kitu chochote, hata changu. Nilikuwa kwenye njia ya msituni ambako babu alikuwa akitundika mizinga ya nyuki. Mizinga ilikuwapo. Nyuki walikuwa wanaingia na kutoka, wengi mno, wala hawatoi sauti. Nikapiga makofi ili nisikie kitu. Makofi nayo hayakulia.

Babu alikuwa anatembea mbele yangu. Sikumwona akitokea. Alivaa koti lake la kaki, lile tulilomzika nalo, na mgongoni lilikuwa limeloa udongo mwekundu.

Mimi na babu tulikuwa na utani wetu. Aliniita mke mdogo, nami namwita mume wangu, namdai khanga kila sikukuu. Kwa hiyo sikuogopa. Nikamwambia, "Mume wangu, umerudi? Huko hawajui kupika?"

Hakucheka. Akageuka polepole.

"Nyamizi," akasema.

Tangu nizaliwe hajawahi kuniita jina langu. Hapo nikarudi hatua moja nyuma.

Ananyoosha kiganja. Kiganjani mna risasi moja, ile ya mviringo. Anamimina baruti juu yake kutoka kwenye pembe ya swala, taratibu, chembe kwa chembe, na risasi inazama kama mtu anayefukiwa amekaa. Inabaki nukta. Nukta nayo inapotea.

"Ifukie mpaka isionekane," anasema. "Ikishafukika, acha."

Nataka kumuuliza, kiganja chako au cha nani, maana chako ni kikubwa kama jembe. Lakini nikifungua mdomo niko darasani. Nimevaa sare. Madawati yote yamejaa, na waliokaa ni nguruwe pori, wamevaa mashati meupe, wanatafuna mahindi mabichi na kunitazama. Katika siku nyingine ningesema huyu wa nyuma anafanana na kiranja wetu. Babu amesimama penye meza ya mwalimu, na mezani limesimamishwa gobore, mdomo juu.

"Ni tupu?" ananiuliza.

"Tupu, babu. Baba mdogo alipiga jana."

Ananipa mdeki. Nautumbukiza. Najua gobore tupu linavyolia: mdeki huteremka mpaka chini, chuma kinagonga chuma, ting. Mimi mwenyewe nilikuwa nachezea hivyo nikiwa mdogo, mpaka nikachapwa. Sasa mdeki unateremka, unateremka, kisha unasimama kabla ya kufika.

Dup.

Mlio kama wa kidole kwenye tumbo la mtu aliyelala.

Nguruwe wanaacha kutafuna. Wote, kwa pamoja.

"Tazama," anasema babu.

Sitaki. Lakini shingo inainama yenyewe, na jicho langu linafika kwenye mdomo wa gobore, na kule chini gizani kuna jicho jingine linanitazama. Halipepesi. Ni la baba mdogo.

"Risasi ya jana uliitafuta wapi?" Sauti ya babu inatoka nyuma yangu, karibu na sikio.

"Sikuitafuta."

"Basi yeye ataiona."

Kukawa na harufu ya moshi. Ukuta wa darasa haupo, tuko nje ya nyumba yetu, watu wamesimama duara, na mama mdogo amekaa chini ameshika kichwa, mdomo wake uko wazi lakini kilio hakitoki, kama wale nyuki. Katikati ya duara amelala mtu. Namjua kwa raba zake za kijani. Usoni wamemfunika ungo. Katikati ya ungo mna tundu dogo, safi, upana wa kalamu.

Nikasogea. Nilitaka kuuondoa ule ungo, niseme haya, yatosha, amka baba mdogo, nimekubali umenishinda. Mkono wa babu ukanishika kifundo cha mkono. Ulikuwa baridi kama mtutu wa bunduki asubuhi.

"Uso huo bado haujafunikwa," akasema. "Nenda."

Nikaamka nimekaa. Shuka limeloa. Kifundo cha mkono kilikuwa cha baridi, peke yake, mwili wote una jasho. Dirishani kulikuwa kumeanza kupambazuka, na nje, upande wa jikoni, nikasikia kifuniko cha chupa kinafunguliwa.

Sikuvaa viatu.

Baba mdogo alikuwa amechuchumaa ukutani, gobore kalisimamisha katikati ya magoti. Mkononi ana kifuniko cha dawa ya kikohozi, kimejaa baruti, kimeshainamishwa kwenye mdomo wa bunduki.

"Baba mdogo, usitie! Haikutoka! Ile ya jana imo humo humo, baruti na risasi yake!"

"Nani huyo? Nyamizi? Rudi ulale, utawakimbiza nguruwe."

"Tundu la ungo nilitoboa mimi. Kwa kalamu."

Akacheka, kwa sauti ya chini. "Wewe mtoto! Juzi ulisema bibi amemeza meno yake, nusura tukodi gari la hospitali. Leo asubuhi yote hii umeshaanza?"

"Kweli, baba mdogo."

"Na juzi ulisema kweli."

"Naapa."

"Na ukaapa."

Maneno yote ya watu wa kweli nilikuwa nimeshayatumia kwenye utani, hakuna hata moja lililobaki. Nikapiga magoti palepale kwenye majivu, nikamshika mkono ule wenye kifuniko, nikawa nalia bila ufundi wowote, kamasi na kila kitu.

Alinitazama. Nilijua anatafuta nini usoni mwangu: ile kona ya mdomo inayoanzaga kutetemeka kabla sijapasuka kucheka. Akaitafuta kushoto, akaitafuta kulia.

Akaweka kifuniko chini. Akachukua mdeki, akautumbukiza.

Sitaandika ulivyolia. Alisikia, nikasikia.

Akautoa. Akaupima kwa nje ya mtutu, kidole gumba kimeshika pale ulipoishia, akaona pengo lililobaki mpaka chini. Upana wa vidole vinne. Alikuwa anakwenda kushindilia mzigo mwingine juu ya ule, kisha aegemeze shavu lake hapo na kuvuta, mtutu umpasukie. Ndani ya nyumba mtoto wake mdogo akakohoa.

"Nani kakwambia?" akauliza.

"Babu."

Safari hii hakuniambia niache utani. Alililaza gobore chini, mdomo ukielekea porini, akajaribu kurudisha baruti kwenye chupa, na nyingi ikamwagikia magotini.

"Alisema nini kingine?"

Nikamwambia: uweke risasi kiganjani, uifukie mpaka isionekane, ikishafukika uache. Kumbe kipimo cha baruti alichokuwa akikitafuta kilikuwa mkononi mwake siku zote; akafunua kiganja chake, akakitazama kama mtu aliyepewa barua.

Kule shambani tukasikia bua la mahindi likivunjika. Kisha jingine, kisha jingine, na meno yakitafuna bila haraka. Hakuna kati yetu aliyeinuka.