Rundo la Njia Panda

Mume wangu, Mheshimiwa Lanting mwana wa Jemut, ameliwakilisha bonde letu katika bunge la jimbo kwa vipindi sita, na sijawahi kumwona amelala usingizi mzito. Magazeti humwita mamba wa mtoni. Mamba gani! Mimi ninayemfulia mashuka nalijua jasho lake.

Kila uchaguzi ukikaribia alikesha akizunguka chumbani. Aliogopa kunyimwa tiketi ya chama, aliogopa kura, aliogopa hata simu ya mwenyekiti ikiita. Tuseme haki, kazi aliifanya. Mabati ya nyumba yetu ndefu, inayokaliwa na kijiji kizima, ni yake, gati ni lake, tangi la maji ni lake, na hapakuwa na msiba bondeni ambao hakufika na gunia la mchele. Watu walimpenda. Lakini bungeni, jamani, hakuna hoja ya wakubwa aliyoipinga, hata moja.

Kisha kampuni ya magogo ikautaka mlima Empelai, tunakozika wafu wetu. Baba yangu yuko huko. Lanting alikuja akasimama barazani, mbele ya milango ya jamaa zote, akaapa: "Mlima huu nitaukatalia mpaka mwisho. Nikiwadanganya, msinizike huko." Wazee walilia. Nami nikalia, mjinga mimi, nikamwamini.

Siku ya kura bungeni Spika aliwataka wanaoiunga mkono kampuni wasimame. Lanting akasimama. Video ilifika kwenye simu za bondeni kabla yeye hajashuka ngazi za bunge.

"Ungefanyaje wewe?" akanifokea jioni. "Mwenyekiti alikuwa ananikodolea macho!"

Nikaanza kufunga mizigo. Gawai, sikukuu ya mavuno, ilikuwa imefika, na kwetu sisi Waiban, asiyerudi kwao siku ya Gawai huyo amejifukuza mwenyewe. Tukapanda mashua.

Siku zote gatini tulipokewa kwa ngoma za shaba na vikombe vya pombe ya mchele. Safari hii hapakuwa na mtu. Tulipanda kijia kimya kimya, mpaka njia panda ya kwenda mashambani, na hapo Lanting akasimama ghafla.

Palikuwa na rundo la vijiti, limefika magotini. Vya juu vilikuwa bado na majani mabichi.

Kwetu mtu akiwadanganya wengi hashtakiwi. Hurundikiwa vijiti njiani, na kila apitaye hutupa chake akilitaja jina la mwongo, maana apitaye bila kutupa huhesabiwa mwongo mwenzake. Mwongo hufa, rundo likabaki. Wajukuu wa wajukuu wake hupita hapo wakimsikia anatajwa. Binti yetu Sendi alikuwa na mimba ya miezi saba.

"Pengine ni la wakala wa ile kampuni ya magogo," Lanting akanong'ona.

"Pengine. Twende basi."

"Ngoja! Ngoja kwanza tusikie linatajwa jina la nani."

Akanivuta nyuma ya mianzi. Mheshimiwa mzima, na suti yake, kachuchumaa kichakani! Ningecheka, ila alikuwa ameushika mkono wangu kwa nguvu mpaka ukafa ganzi.

Tukasikia vishindo vya miguu. Alikuwa mama yake, Bibi Jawai, anatoka shamba na kikapu cha machipukizi ya mianzi mgongoni.

"Mama hawezi," Lanting akasema. "Hata kama ni langu, mama hawezi."

Mama akatua kikapu. Akavunja kijiti, akakitupa juu ya rundo, akasema kwa sauti, "Hiki chako, Lanting mwana wa Jemut, uliyewauza wafu."

Lanting akaguna kama aliyepigwa tumboni. Mianzi ikatikisika.

"Tokeni huko," mama akasema, wala hakushtuka. "Mtaumwa na siafu."

Tukatoka. Akamtazama mwanawe, akamkung'uta majani mabegani.

"Umekonda. Umekula?"

"Mama, ningekataa wangeninyang'anya kiti."

"Kiti unacho?"

"Ninacho."

"Haya. Kikalie." Akajitwika kikapu chake, kisha akanigeukia. "Na wewe, Mama Sendi? Unapita, au unarudi naye mjini?"

"Mama Sendi, usifanye hivyo," Lanting akasema. "Mimi ni mumeo. Mjukuu wetu atalisikia hilo jina."

Niliogopa, sifichi. Niliogopa kuzeeka peke yangu, niliogopa kukaa mezani na mtu niliyemtaja pale. Lakini nikawaza matingatinga yanapanda Empelai, na baba yangu kalala chini. Nikainama, nikavunja kijiti.

"Tafadhali," akasema mume wangu, kwa sauti ambayo bunge halijapata kuisikia.

Nikakitupa. Nikalitaja jina lake na la baba yake, yote mawili, wazi. Kisha nikamfuata mama. Nyuma yetu Lanting alibaki amesimama kando ya rundo, maana kupita asitupe hakuweza, na kutupa hakuthubutu.