Masatu Aliyejaza Mashine ya Mwaloni

Utasema nililewa. Tangu mgongo unikatae na niache uvuvi sijagusa gongo hata kikombe, kaulize mtu yeyote Nyasho. Utasema basi ni mauzauza ya usiku. Ilikuwa saa tisa mchana, jua linawaka, na mama wa uji anabishana na wateja wake chini ya dirisha langu. Yalinipata mimi mwenyewe. Na waliosababisha nitawataja kwa majina, maana wote wapo na wanakula vizuri.

Mimi niliishia darasa la nne. Nilivua miaka mingi upande wa kisiwa cha Rukuba, halafu chama chetu cha wenye mitumbwi kikanipa kazi ya kukaa ofisini pale mwaloni Musoma, mitumbwi inapoegeshwa, niangalie kompyuta. Usicheke. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Nahodha akitaka kutoka anafungua mfumo wetu kwenye simu yake, anaandika jina na kubonyeza "natoka". Kwangu, kwenye kioo, anatokea. Akirudi anabonyeza "nimefika", anafutika. Upepo mbaya ukitangazwa, mimi nabonyeza kitufe chekundu na kila aliye ziwani anapata ujumbe arudi. Kitufe kile ndiyo ilikuwa kazi yangu hasa. Mdogo wangu Mafuru alikuwa nahodha, kwa hiyo unaelewa nilikitazama kwa jicho gani.

Mfumo aliutengeneza Joram, kijana wa Bunda aliyesomea kompyuta. Joram ndiye wa kwanza kwenye orodha yangu. Asubuhi mfumo wake unakuwaga mwepesi, ikifika mchana unakuwa mzito mpaka mshale hausogei. Nikampigia.

"Kumbukumbu inavuja, mzee," akasema.

"Inavujaje na hapa naona imejaa?"

Akacheka. "Ndivyo tunavyoita sisi. Kuna vitu inavishikilia wakati vilishaisha kazi, vinarundikana. Wewe funga ukurasa ufungue upya, utakuwa mwepesi."

Sasa ukifunga, orodha ya walioko ziwani inapotea yote. Hakuihifadhi mahali pengine popote. Nikampelekea maneno hayo mwenyekiti wetu, Manyama. Manyama ni wa pili. "Mzee, unapenda kulalamika," akanijibu. "Funga saa sita, wavuvi wengi wanakuwa wamelala." Wengi, alisema. Hakusema wote.

Wa tatu ni manahodha wenyewe, na mimi nilikuwa mwenzao. Kwetu mtu halipi ziwa jina lake kabla hajarudi. Ukilitaja, ziwa linakuzoea. Walipolazimishwa kuandika jina, karibu wote wakaandika la Masatu. Masatu alizama karibu na Rukuba miaka mingi nyuma, mwili haukuonekana, na hakuacha mke wala mtoto wa kuja kulalamika. "Ziwa likimtaka Masatu limchukue, si linaye tayari," walikuwa wanachekaga. Mimi nilijua. Manyama alijua. Joram hakujua, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Mafuru na wengine wachache ndio walikuwa wanaandika majina yao. "Kaka, mimi nimebatizwa," alikuwa ananiambia. "Nijifiche nyuma ya maiti ya mtu?"

Siku hiyo mashine ilianza kukwama saa nane. Saa tisa kasoro nikapata taarifa kwenye simu: upepo mkali unakuja kabla ya jioni. Nikabonyeza kitufe chekundu. Kimya. Kioo kimeganda, orodha ni nyeupe tupu. Nikifunga ukurasa, walioko ziwani wanapotea na onyo halina pa kwenda. Nisipofunga, halitoki. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Hapo ndipo nikaona kuna mtu kwenye benchi. Sikusikia mlango. Alikuwa mzee wa umri wangu, amevaa kaptula, na vidole vyake vilikuwa vyeupe, vimejikunja, kama vya mtu aliyeshinda ndani ya maji.

"Umekwama," akasema.

"Nimekwama, ndugu yangu. Subiri kidogo."

"Mimi ndiye ninayesubiriwa. Jumatatu nilikuwa nahodha wa mitumbwi kumi na tisa. Umewahi kuona mtu mmoja anaendesha mitumbwi kumi na tisa?"

Nikadhani ananitania. Akaendelea polepole, bila hasira.

"Wenzangu wakifika wanaanika nyavu, wanalala. Mimi nikifika unanifuta hapo kwenye kioo, lakini huko ndani kuna mtu mmemsimamisha anisubiri. Kila mtumbwi na mtu wake. Hakuna aliyewaambia nimeshafika, waondoke. Wamejazana humo wananisubiri. Na mimi silali nikiwa nasubiriwa."

"Wewe ni nani?"

"Masatu. Nitoe."

Niamini, sikupiga kelele. Mkono ulikuwa umeshashika simu unampigia Joram. Nikamwambia: angalia wanaosubiri mitumbwi iliyokwisha kufika.

"Nani kakwambia hivyo?"

"Kuna mgeni hapa. Angalia."

Joram akaingia kwenye kompyuta yangu akiwa kwake Bunda. Mshale ukaanza kutembea wenyewe, kwa shida. Alikuwa ananieleza kwenye simu anachofanya: anapiga picha ya kumbukumbu, anangoja dakika chache, anapiga ya pili, analinganisha ni nini kimeongezeka. Yule mtu alikuwa anatazama kioo kama mgonjwa anayetazama sindano.

"Mzee, mgeni wako ni fundi," Joram akasema. "Mtumbwi ukitoka naweka kitu cha kuusubiri. Ukifika nafuta mstari kwenye kioo, ila kile kinachosubiri sikukiondoa. Nasahihisha sasa hivi. Lakini waliokwisha jaa bado wamo, na karibu wote wanamsubiri nahodha mmoja, Masatu. Nikichambua mmoja mmoja ni nusu saa. Nikitoa wote wenye jina hilo ni sekunde. Huyo Masatu yuko ziwani leo?"

Wanaojiandika Masatu huwa wamesharudi saa sita, nikawaza, nikamtazama aliyekaa kwenye benchi.

"Wote," akasema. "Usibakize hata mmoja."

"Masatu alikufa zamani," nikamwambia Joram. "Toa wote."

Kioo kikafunguka kama jicho la mtu aliyeamka. Orodha ikatokea: mitumbwi minne iko ziwani. Wa Mafuru haumo. Unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nikasema mdogo wangu amesharudi. Nikabonyeza chekundu, yakatokea maandishi: ujumbe umetumwa kwa mitumbwi yote iliyo ziwani. Nikageuka nimshukuru mgeni. Benchi lilikuwa tupu, na nilipoligusa lilikuwa la baridi kama jiwe la kisimani.

Simu ilikuwa mkononi. Sikumpigia Mafuru. Nimpigie wa nini, mashine si imesema wote?

Upepo uliingia saa kumi na moja. Mitumbwi minne ilikuwa imeshavutwa mchangani. Jua linazama, akaingia Bhoke, mke wa Mafuru, amejifunga kanga kiunoni.

"Shemeji, mwenzio bado?"

"Amefika tangu mchana."

"Amefika wapi?"

Nikamwonyesha orodha, haina mtu. Akaitazama, akaitazama tena, akakaa chini sakafuni.

"Leo hakuandika jina lake," akasema. "Niliota vibaya. Nilimshika miguu asubuhi nikamwambia, leo tu, andika Masatu kama wenzako. Akaandika ili ninyamaze."

Mtumbwi wake uliokotwa kwenye mawe ya Rukuba, umepasuka katikati. Yeye hakuonekana. Nyumbani Butiama wazee wakatuambia tuzike mgomba badala yake, tukauzika, na mama yetu hakutoka ndani kuuona.

Siku hizi mfumo ni mwepesi tangu asubuhi mpaka usiku. Joram anautembeza kwenye mialo mingine. Manyama aliusifu kwenye mkutano, akapigiwa makofi. Mimi nimejiweka wa nne kwenye orodha, na wakinipa kalamu nitajiandika wa kwanza. Huwa najiuliza: Masatu alijua nani amelibeba jina lake siku ile, au alikuwa amechoka tu? Sijui ni lipi ningependa kulisikia.

Masatu hawamwandiki tena, wanasema jina lake limeisha nguvu. Sasa wanaandika Mafuru. Nimewatukana, nimewafuata majumbani, Bhoke amewalilia. Wananijibu, mzee, tusamehe, hatuna lingine. Jana mdogo wangu alitoka na mitumbwi saba.

Wewe unayesoma, ukiambiwa andika jina, andika lako. Na siku ukiulizwa kama jina la marehemu lifutwe, usijibu kwanza. Piga simu kwa kila unayempenda, umsikie anaongea, ndipo ufute.